Matanga Yasiyoanuliwa: Uhakiki wa Kukinai kwa Hadhira katika Utangazaji wa Kumbukizi za Kifo cha Diana, 1997–2022

5.1 Utangulizi

Diana, Bintimfalme wa Wales, alifariki dunia jijini Paris alfajiri ya tarehe 31 Agosti 1997, kufuatia ajali ya gari iliyotokea katika njia ya chini ya ardhi ya Pont de l'Alma. Tangu hapo tarehe hiyo imekuwa ikirejewa na vyombo vya habari vya Uingereza, na kwa uzito wa pekee ilipotimia miaka 10 (2007), miaka 20 (2017) na miaka 25 (2022). Sambamba na marejeo hayo imekuwapo sauti nyingine, ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni ya watu wasiojali au wenye chuki na ufalme: sauti ya hadhira inayosema kwamba sasa imetosha.

Sura hii inaichukulia sauti hiyo kuwa ni data ya kihakiki. Swali linaloiongoza ni hili: hadhira inaposema imechoka, imechoka na nini hasa? Imemchoka marehemu, imeichoka huzuni, au imemchoka msimulizi? Hoja inayojengwa ni kwamba uchovu huo ni aina ya usomaji. Hadhira iliyokinai imekwishaisoma matini ikaielewa, na hukumu yake inaelekezwa kwa msimulizi anayeirudia hadithi ileile bila kuiongezea maarifa. Hata hivyo, sura inaonesha pia kwamba hukumu hiyo ina gharama: masikio yaliyochoshwa na marudio huweza kuupuuza ukweli mpya unapofika.

5.2 Misingi ya Kinadharia: Kukinai na Kuanua

Uhakiki huu unatumia Nadharia ya Upokezi, hususan dhana ya upeo wa matarajio kama ilivyofafanuliwa na Jauss (1982). Kwa mujibu wa Jauss, thamani ya kazi hupimwa kwa umbali uliopo baina ya kazi hiyo na kile ambacho hadhira tayari inakitarajia. Umbali huo unapopungua hadi kutoweka, kazi haimdai msomaji chochote. Humlisha tu kile alichokwishakizoea. Jauss huieleza sanaa ya namna hiyo kwa sitiari ya mapishi. Sitiari hii inaoana vyema na kitenzi cha Kiswahili kukinai. Kukinai ni kutosheka, na pia ni kutosheka hadi kuchukia. Maana zote mbili zina sharti moja: aliyekinai ni mtu aliyekula. Hawezi kulinganishwa na mtu aliyekikataa chakula tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo, neno kukinai linaeleza hali ya hadhira inayochunguzwa hapa kwa usahihi kuliko neno kutojali.

Dhana ya pili inatokana na msamiati wa maombolezo. Katika Kiswahili, matanga hukaliwa, kisha huanuliwa. Kitenzi kuanua ni kinyume cha kuanika: ni kukiondoa juani kitu kilichokuwa kimetandazwa. Anayeanua matanga hamsahau marehemu. Dua na hitima huweza kusomwa baadaye, na jina lake huendelea kutajwa. Lakini mikeka imekwishakunjwa, wageni wamerudi makwao, na wafiwa wameachiwa huzuni yao. Jambo la msingi ni kwamba wapo wenye mamlaka ya kuanua, nao ni wafiwa na wazee wao. Jirani aliyekuja kutoa mkono wa pole hana haki ya kuamua kwamba msiba uendelee.

Dhana hii haitumiwi hapa kwa lengo la kudai kwamba Waingereza waomboleze kama Waswahili. Inatumiwa kwa kuwa inawezesha kuuliza swali ambalo nadharia za matukio ya habari haziliulizi moja kwa moja. Dayan na Katz (1992) wanaeleza kwamba tukio kubwa la habari hukatiza ratiba za kawaida na kuikusanya jamii mbele ya televisheni kwa heshima. Maelezo hayo yanayafaa mazishi ya mwaka 1997. Hayaifai kumbukizi, kwa sababu kumbukizi haikatizi ratiba. Kumbukizi ni sehemu ya ratiba. Mhariri anaijua tarehe yake miaka 10 kabla. Swali basi ni nani anayeanua pale aliyeanika anapokuwa ni mwenye gazeti.

5.3 Mwaka 1997: Umoja Uliosimuliwa

Ili kuuelewa uchovu wa baadaye, ni lazima kwanza kuihakiki dhana kwamba mwaka 1997 taifa zima lililia kwa sauti moja. Saa chache baada ya kifo, Waziri Mkuu Tony Blair alimtaja Diana kuwa ni bintimfalme wa watu. Maua yalirundikana mbele ya Kasri ya Kensington. Magazeti yalimshinikiza Malkia Elizabeth wa Pili arejee London kutoka Balmoral, na tarehe 5 Septemba alilihutubia taifa kwa njia ya televisheni. Siku iliyofuata mazishi yalifanyika katika kanisa la Westminster Abbey, ambapo Elton John aliimba na Earl Spencer, kaka wa marehemu, akatoa hotuba iliyovishutumu vyombo vya habari waziwazi.

Watazamaji wa televisheni nchini Uingereza walizidi milioni 30. Takwimu hii imekuwa ikitumiwa kuthibitisha umoja wa taifa. Ikisomwa kwa makini, inasema zaidi ya hilo. Idadi ya watu nchini humo wakati huo ilikuwa takribani milioni 58. Hata kama wapo waliotazama kwenye viwambo vya hadharani wasiohesabiwa, bado mamilioni ya watu hawakuwa mbele ya televisheni. Ian Jack, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu watu waliohisi tofauti, alionesha kwamba wapo waliojiona wageni katika nchi yao wiki ile. Thomas (2002), akitumia maandishi ya raia wa kawaida, alifikia hitimisho linalokaribiana na hilo: mwitikio wa watu ulikuwa wa namna nyingi, na umoja ulikuwa zaidi katika usimulizi kuliko katika mitaa. Nao wanazuoni waliokusanywa na Walter (1999) waliyachunguza maombolezo hayo kama jambo la kijamii linalohitaji kufafanuliwa, badala ya kuyachukua kuwa yanajieleza yenyewe.

Hivyo, uchovu haukuanza mwaka 2007. Mbegu yake ilikuwapo tangu wiki ya kwanza, ila haikuwa na msimulizi. Jarida la tashtiti Private Eye lilikuwa miongoni mwa machache yaliyothubutu. Jalada lake la Septemba 1997 liliwaonesha watu mbele ya Kasri ya Buckingham wakiyalaani magazeti, huku mazungumzo yao yakidhihirisha kwamba walikuwa wakiyatafuta magazeti hayohayo kwa hamu. Baadhi ya maduka yaliliondoa toleo hilo. Umuhimu wa kinaya hicho ni kwamba hakikumlenga marehemu hata kidogo. Kilimlenga msomaji na muuzaji kwa pamoja, na ndiyo sababu kiliudhi.

Ikumbukwe pia kwamba wiki hiyo ilikuwa na vifo vingine. Mama Teresa alifariki tarehe 5 Septemba jijini Kolkata. Mobutu Sese Seko, aliyeitawala Kongo kwa zaidi ya miaka 30, alifariki jijini Rabat tarehe 7 Septemba, siku moja baada ya mazishi ya Diana. Kwa jamii nyingi za Afrika ya Kati, zikiwamo za wazungumzaji wa Kiswahili mashariki mwa Kongo, kifo hicho cha mwisho kilihusu maisha yao moja kwa moja. Mfano huu unabainisha kwamba ukubwa wa habari ya kifo hautokani na uzito wa maisha yaliyokoma peke yake. Unatokana pia na mahali kamera zilipokwishakusanyika.

5.4 Kumbukizi ya Miaka 10: Ombi la Kuanua

Katika miaka ya 2000, kumtaja Diana kuligeuka kuwa desturi ya biashara. Gazeti la Daily Express liliweka habari zake katika ukurasa wa mbele mara kwa mara, hususan siku za Jumatatu, kiasi kwamba marudio hayo yenyewe yakawa mzaha wa kudumu katika Private Eye. Nyingi ya habari hizo zilihusu nadharia za njama. Uchunguzi wa polisi ulioongozwa na Lord Stevens ulitoa taarifa yake Desemba 2006 na kuzikanusha nadharia hizo. Uchunguzi wa mahakama ulioanza Oktoba 2007 ulihitimishwa Aprili 2008, ambapo baraza la wazee wa mahakama lilikata kauli kwamba kifo hicho kilitokana na uzembe mkubwa wa dereva Henri Paul pamoja na wa madereva wa magari yaliyokuwa yakilifuata gari lake.

Kumbukizi ya mwaka 2007 iliangukia katikati ya michakato hiyo miwili. Matini zake tatu zinastahili kuhakikiwa kwa pamoja. Ya kwanza ni tamasha la muziki lililoandaliwa na wana wa marehemu, William na Harry, katika uwanja wa Wembley tarehe 1 Julai, siku ambayo mama yao angetimiza miaka 46. Tamasha hilo lilichagua tarehe ya kuzaliwa badala ya tarehe ya kufa. Uteuzi huo una maana: uliihamisha kumbukumbu kutoka katika ajali na kuirejesha katika maisha.

Matini ya pili ni makala ya televisheni iliyorushwa na Channel 4 mwezi Juni mwaka huohuo kuhusu wapiga picha waliokuwapo katika njia ya Alma. Wana wa marehemu waliomba, kupitia katibu wao, kwamba picha za eneo la ajali zisioneshwe. Kituo kilizirusha, kikisema kwamba picha hizo zina manufaa kwa umma na kwamba sura ya marehemu imefichwa. Hapa wafiwa waliomba kuanua, na jirani akakataa.

Matini ya tatu ni mahubiri ya Askofu wa London, Richard Chartres, katika ibada ya tarehe 31 Agosti 2007 kwenye kanisa la Guards' Chapel. Kiini cha mahubiri hayo kilikuwa ombi kwamba mabishano yakome na marehemu aachwe apumzike. Kwa istilahi ya sura hii, Askofu alianua matanga hadharani, mbele ya wafiwa na kwa ridhaa ya jukwaa walilomkabidhi. Ombi lake lilitangazwa kwa upana. Kinaya chake ni kwamba lilipokewa kama habari nyingine ya Diana. Wito wa kunyamaza uliongeza kelele, kwa kuwa mfumo uliopaswa kuutii ndio uliousambaza.

5.5 Kumbukizi ya Miaka 20: Sauti ya Marehemu

Mwaka 2017 vituo vikuu vya televisheni vilishindana kwa makala maalumu. ITV ilirusha mazungumzo na William na Harry kuhusu mama yao. BBC ilirusha makala kuhusu siku saba baina ya kifo na mazishi. Na Channel 4 ilirusha kanda zilizorekodiwa faraghani mwaka 1992 na 1993, ambamo Diana alikuwa akizungumza na mwalimu wake wa sauti, Peter Settelen. Sehemu ya kanda hizo ilikwishaoneshwa Marekani mwaka 2004, lakini kurushwa kwake Uingereza kulipingwa na baadhi ya waliomfahamu marehemu.

Tofauti ya matini hizi inaonekana katika nafsineni. Katika makala ya ITV, wanaozungumza ni wafiwa, nao wanaeleza jambo dogo na zito: kwamba mazungumzo yao ya mwisho na mama yao kwa simu yalikuwa mafupi, kwa sababu walikuwa watoto waliotaka kurudi kucheza. Maelezo hayo hayana siri wala njama. Yana pengo, kwa maana aliyoieleza Iser (1978): nafasi ambayo msomaji huijaza kwa uzoefu wake mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kuikata simu kwa haraka anaweza kuingia humo. Katika kanda za Channel 4, kinyume chake, anayezungumza ni marehemu, lakini amewekwa mbele ya hadhira ambayo hakuichagua. Alirekodiwa akijifunza kusema. Akatumiwa kana kwamba alikuwa akitoa ushuhuda. Hakuna pengo lililobaki, kwa kuwa ahadi ya makala ilikuwa ni kufichua kila kitu.

Ulinganishi huu unatoa jibu la awali kwa swali la sura. Marudio ya jina la Diana peke yake hayatoshi kueleza kukinai. Jina lilelile, katika mwaka uleule wa kumbukizi, liliweza kuzaa matini inayomgusa msomaji na matini inayomkifu. Kinachotofautisha ni haki ya msimulizi kusimulia na nafasi anayomwachia msikilizaji.

5.6 Malalamiko ya Mwaka 2021 kama Kipimo

Ugumu wa kuuchunguza uchovu ni kwamba aliyechoka kwa kawaida huzima redio na haandiki popote. Ipo, hata hivyo, kumbukumbu moja ya kitaasisi, ingawa haihusu kumbukizi ya Diana moja kwa moja. Mwanamfalme Philip alipofariki tarehe 9 Aprili 2021, BBC ilifuta vipindi vya kawaida katika chaneli zake kuu. BBC One na BBC Two zilirusha matangazo yaleyale, matangazo ya BBC Four yakasitishwa, na fainali ya shindano la mapishi la MasterChef ikaahirishwa. Malalamiko yaliyopokelewa yalifikia 109,741, idadi kubwa kuliko zote katika historia ya shirika hilo.

Takwimu hii inahitaji tahadhari mbili. Kwanza, BBC iliweka ukurasa maalumu wa kulalamikia jambo hilo, hatua iliyorahisisha malalamiko. Pili, idadi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na wakazi wa nchi nzima, ambao ni zaidi ya milioni 60. Hivyo haiwezi kuchukuliwa kuwa ni kura ya taifa. Thamani yake ni ya kifasili: lawama rasmi iliyoandikishwa ilihusu wingi wa matangazo. Watu walilalamika kwamba hawakuachiwa mahali pa kwenda. Chaneli mbili zenye matangazo yaleyale humnyima mtazamaji hata haki ya kuondoka kimyakimya, ambayo katika matanga ya kawaida kila mgeni anayo. Methali isemayo kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka inaieleza hali hii kwa ufupi: kinachopasuka ni ngoma, na mpigaji ndiye anayeulizwa.

5.7 Mjadala: Kumbukizi ya Kurudia na Kumbukizi ya Kuuliza

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja ya sura hii ni la kibiashara. Kama hadhira imekinai, kwa nini magazeti yaliendelea kuuzika na makala kutazamwa? Pingamizi hili lina uzito, na jalada la Private Eye lilikwishalitambua tangu 1997. Jibu lake ni kwamba soko hupima kununua, halipimi kutosheka. Mtu huweza kuendelea kula baada ya kushiba kwa kuwa sahani ipo mbele yake. Aidha, hadhira si kundi moja: mnunuzi wa leo na mlalamikaji wa leo huweza kuwa watu wawili, au mtu mmoja kwa nyakati mbili. Kukinai hakukanushwi na mauzo; kunakaa ndani yake.

Suala zito zaidi ni gharama ya marudio kwa ukweli. Tarehe 20 Novemba 1995, kipindi cha Panorama cha BBC kilirusha mahojiano ya Diana na Martin Bashir, yaliyotazamwa na takribani watu milioni 23. Mapema mwaka 1996 gazeti la Mail on Sunday liliripoti kuwapo kwa nyaraka za kughushi za benki zilizohusiana na maandalizi ya mahojiano hayo. BBC ilifanya uchunguzi wa ndani na kumsafisha mwandishi wake. Kumbukizi ya mwaka 2007 ikapita. Ya mwaka 2017 ikapita. Saa nyingi za matangazo zilitumika juu ya maua, njia ya chini ya ardhi na nyuso za watoto nyuma ya jeneza, bila suala la nyaraka hizo kufikishwa kwenye uchunguzi huru.

Uchunguzi huru uliagizwa Novemba 2020, wakati mahojiano yenyewe yalipotimiza miaka 25. Ulitanguliwa na makala mpya za Channel 4 na ITV pamoja na madai ya Earl Spencer. Taarifa ya Lord Dyson ya Mei 2021 ilithibitisha kwamba Bashir alitumia udanganyifu, na ikauhukumu uchunguzi wa ndani wa 1996 kuwa dhaifu mno. BBC iliomba radhi.

Ukweli huu unazuia hitimisho rahisi kwamba kumbukizi zote ni kelele. Iliyofichua udanganyifu nayo ilikuwa kumbukizi. Tofauti ni kwamba kumbukizi za kifo zilirudia hisia, ilhali ile ya mahojiano iliuliza swali lenye jibu: nani alitengeneza nyaraka, nani alijua, na nani alinyamaza? Inapendekezwa, kwa hiyo, kutenganisha kumbukizi ya kurudia na kumbukizi ya kuuliza. Ya kwanza huanika. Ya pili hutafuta. Ya kwanza huuthibitisha upeo wa matarajio. Ya pili huuvunja. Madhara ya ya kwanza yanazidi kuchosha. Humfundisha msikilizaji kwamba kila habari yenye jina hilo ni ileile ya jana, hivi kwamba siku habari ya kweli inapobisha hodi, mlango umekwishafungwa.

Mnara wa mwenge uliopo juu ya njia ya Alma unaweza kusomwa kama ishara ya hali hiyo. Mwenge huo uliwekwa mwaka 1989, ukiwa nakala ya mwenge wa Sanamu ya Uhuru ya New York, na haukuwa na uhusiano wowote na Diana. Baada ya ajali, waombolezaji waliujaza maua na maandishi hadi wageni wengi wakadhani ulijengwa kwa ajili yake. Maana ya awali haikufutwa na mtu yeyote; ilifunikwa tu. Ndivyo marudio yanavyofanya kazi katika habari pia: hayasemi uongo, hufunika.

5.8 Hitimisho

Sura hii imehakiki matini za kumbukizi za kifo cha Diana kwa kuzingatia hadhira iliyozikinai. Imebainika, kwanza, kwamba umoja wa mwaka 1997 ambao kumbukizi huurejelea ulikuwa kwa sehemu kubwa zao la usimulizi. Pili, wafiwa pamoja na kiongozi wao wa dini walijaribu kuanua matanga mwaka 2007, lakini mamlaka ya kuanua yalikuwa yamekwishahamia kwa wenye vyombo vya habari. Tatu, matini iliyosimuliwa na wenye haki ya kusimulia, na iliyomwachia msikilizaji nafasi, haikuwa na kasoro inayozaa kukinai, hata miaka 20 baada ya msiba. Nne, marudio yasiyouliza yaliambatana na kuchelewa kwa swali lililokuwa na umuhimu mkubwa zaidi kwa haki ya marehemu.

Mwaka 2022 kumbukizi ya miaka 25 ilifuatwa, siku nane baadaye, na kifo cha Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 8 Septemba. Kwa kifo hicho kalenda ya vyombo vya habari imepata tarehe nyingine ya kurejewa. Wahariri watakaoipanga miaka 10 na miaka 20 ijayo wana rekodi ya robo karne ya kujifunzia. Rekodi hiyo inaonesha kwamba hadhira haikatai kukumbuka. Inachokidai ni kwamba anayemwita tena msibani awe na neno jipya la kumwambia, au amwache marehemu mikononi mwa watu wake.